Mjakazi Anayekunja Mashuka

"Tunarudia pale bibi anapoingia," mwongozaji alisema, na Filimbi akainama, akayakung'uta mashuka yote aliyokwisha kuyakunja, akayarudisha kapuni yakiwa yamevurugika kama mwanzo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika tendo la pili: kuketi kwenye kigoda upande wa kushoto wa jukwaa, kukunja mashuka, na kumsikiliza bibi wa nyumba akiimba habari za mumewe aliyefia vitani. Wimbo wenyewe ulikuwa mrefu. Mwishoni kabisa mjakazi alikuwa na mistari miwili ya kuimba, kisha taa zinazimwa.

Mistari miwili. Filimbi alikuwa ameimba opera tangu usichana wake. Jina lenyewe la Filimbi alipewa na wenzake wa kwaya ya shule kwa ajili ya ile sauti nyembamba aliyokuwa nayo, likamganda hata sauti ilipokomaa ikawa nzito. Kwa miaka mingi yeye ndiye alikuwa bibi wa nyumba, yeye malkia, yeye mke anayelia juu ya maiti. Sasa sauti ilikuwa imeanza kumsaliti kule juu, na wasimamizi wa jumba la opera walimpa nafasi hii kwa maneno matamu, kama mtu anayemkaribisha mgeni kwenye kiti kibovu huku akikifuta vumbi. Anayeimba kama bibi alikuwa binti aliyefundishwa na yeye mwenyewe. Watu walidhani anamwonea wivu. Hakumwonea. Alikuwa amechoka mno hata wivu ungemshinda kuubeba.

Mpiga piano akaanza tena. Okestra ilikuwa bado haijaanza kuja, na jukwaa lenyewe lilikuwa sakafu tu ya ukumbi wa mazoezi, iliyobandikwa utepe wa rangi kuonyesha milango na kuta ambazo mafundi walikuwa bado wanazigongagonga chumba cha pili. Binti akaingia kwenye mlango wa utepe, akaimba. Filimbi akakunja.

Mwongozaji akainua mkono, piano ikanyamaza. Alikuwa mwanamume mwembamba, kijana kuliko Filimbi kwa mbali, na hakupandisha sauti hata siku moja, jambo lililowafanya waimbaji wamwogope zaidi.

"Mama, samahani. Unajua unakunja vipi?"

"Nakunja kama mtu anavyokunja."

"Unakunja kwa mapigo. Piano ikigonga, na wewe unakunja. Ikipumzika, unapumzika. Hakuna mtu nyumbani kwake anayekunja nguo akifuata okestra."

Mpiga piano, rafiki wa Filimbi wa siku nyingi, akacheka chini kwa chini. "Mwache tu," alisema. "Huyu hata ngazi anapanda kwa mapigo."

"Mjakazi haisikii okestra," mwongozaji akaendelea. "Anamsikia bibi yake peke yake. Halafu kuna pumzi. Mistari yako ikiwa bado iko mbali, mabega yako yanaanza kupanda. Kila aliyekaa ukumbini anajua sasa mama anataka kuimba. Humsikilizi binti, mama. Unangoja zamu yako."

Filimbi alikuwa ameambiwa mengi maishani, mengine kwenye magazeti, lakini hilo hakuwahi kuambiwa. Yalimjia maneno makali mdomoni, kwamba yeye alikuwa anasimama jukwaani mwongozaji akiwa bado anabebwa mgongoni. Akayameza.

"Wakati wetu," alisema, "ilitosha kusimama vizuri na kuimba."

"Ilitosha," mwongozaji akakubali kwa heshima, na heshima hiyo ikamuuma kuliko dharau. Akavuta kiti cha plastiki, akaketi karibu na kigoda. "Nyumbani unaishi na nani?"

"Na wifi yangu."

"Ni mtu wa maongezi?"

"Bomba lililopasuka," mpiga piano akadakia. Aliwahi kualikwa chakula mara moja, akaondoka masikio yakimvuma.

"Basi umepata mwalimu. Mtazame anavyofanya kazi huku anaongea. Usimkatize, usimsaidie neno, usiondoke. Mwache aongee mpaka afike mwisho, nawe uone mwili wako unafanya nini wakati huna zamu."

Filimbi akaitikia kwa kichwa. Alitamani tu kuvua viatu.

Wifi yake alikuwa mjane wa kaka yake. Kaka alipozikwa, yule mama alibaki na nyumba kubwa isiyo na mtu, mtoto wao wa kiume akiwa ameshaoa na kuhamia kwake, basi akaja kwa Filimbi kupumzika kidogo, na kupumzika huko hakukuisha. Wanawake wawili, chumba hiki na chumba kile, jiko moja, kibaraza kimoja cha kuanikia nguo. Hawakugombana. Filimbi aliondoka mapema na kurudi amechoka, na akirudi alikuta wifi ana maneno ya kutwa nzima yanayomngoja mlangoni.

Katika maneno hayo kulikuwa na hadithi moja isiyochuja, ya siku ya mwisho ya kaka. Ilianza sikuzote na lifti ya hospitali. Wifi alifika na chupa ya chai, akakuta lifti imekufa, ikabidi apande ngazi, na ngazi zenyewe zilikuwa na maji maana walikuwa wanadeki. Hapo kwenye lifti ndipo watu walipopata udhuru. Mwanawe, akija kusalimia, angesema, "Mama, hiyo tumeshaisikia," akatoa simu yake mfukoni. Jirani angekumbuka sufuria yake motoni. Filimbi angesema anakwenda kupasha sauti. Miaka ilikuwa imepita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuzipanda ngazi zile na mama huyo mpaka juu.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, wifi aliingiza nguo kutoka kibarazani, akazirundika mezani. Filimbi akavuta kiti.

"Leo huendi kulala?" wifi akauliza.

"Leo nakaa."

Wifi akamtazama kama anayetazama mvua ya kiangazi, kisha akaanza kukunja, na alipoanza kukunja akaanza kuongea. Akaongea juu ya bei ya sabuni, akaenda kwa mke wa mwanawe aliyekuwa mjamzito na miguu inamvimba, akatoka hapo akaingia kwenye miguu ya kaka ilivyokuwa imevimba, na kutoka miguu ya kaka lifti haikuwa mbali. Filimbi hakuyafuata maneno. Alikuwa anaiba. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya wifi: inavyosita, inavyoachia pindo, inavyolainisha kitambaa ambacho hakina kunjo hata moja. Shuka moja wifi alilikunja, akalikunjua, akalikunja upya bila kujua. Hilo nalichukua, Filimbi akawaza. Hilo litampendeza mwongozaji.

Wifi akanyamaza katikati ya neno. Walikuwa wameshafika kwenye lifti.

"Mbona hujainuka?" akauliza.

"Nakusikiliza."

"Hapa huwa unainuka."

Filimbi hakuwa hodari wa uongo nje ya jukwaa. "Mwongozaji amenipa kazi," alisema. "Nimtazame mtu akiongea na kufanya kazi za mikono. Nimsikilize mpaka mwisho. Ni kwa ajili ya ile sehemu yangu ya mjakazi."

Wifi akalainisha foronya mara mbili tatu. "Kumbe," alisema polepole. "Kwa hiyo mimi ni mazoezi."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayesoma lebo ya kitu alichokwisha kukinunua. Filimbi akaona uso unamwaka moto, akataka kuinuka.

"Haidhuru," wifi akasema. "Mazoezi nayo ni kitu. Keti."

Akaendelea na hadithi yake, akazipanda zile ngazi za hospitali. Akafika juu, akamkuta kaka amegeuziwa dirishani, anataka kunyolewa ndevu. Muuguzi akaleta bakuli la maji. Wifi hakuwahi kumnyoa mwanamume maishani mwake, na kaka akawa anamtania kwamba afadhali ugonjwa umuue kuliko yeye. Akanyoa shavu moja. Kabla hajaenda la pili kaka akasema amechoka, amwache kwanza. Akabaki hivyo, upande mmoja msafi, upande mwingine mweupe kwa ndevu na povu.

"Nikamwambia, ngoja nimpigie Filimbi simu," wifi alisema. Mikono yake sasa ilikuwa imetulia kabisa juu ya shuka. "Ulikuwa kule ng'ambo, mnaonyesha ile opera ya malkia. Namba nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nikasimama. Akanishika gauni. Akasema, mwacheni aimbe."

Filimbi akasahau kuitazama mikono.

"Basi, hivyo tu. Mwacheni aimbe. Akageukia ukutani. Nikakaa. Mchana ule ule akaondoka, na shavu lake lile moja."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anagonga mpira ukutani. Filimbi akasogeza kiti karibu na meza.

"Alisemaje?"

"Nimekwambia."

"Hapana, alilisemaje? Alilisema kwa wema, kwamba msinisumbue? Au alilisema kama mtu aliyekata tamaa nami, kwamba mniache huko huko na nyimbo zangu?"

"Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa," wifi akajibu. "Sijui. Nimelisema jikoni kila namna. Mwacheni aimbe." Akalisema laini, kama anafunika mtoto. "Mwacheni aimbe." Akalisema kavu, kama anafunga mlango. "Yote mawili ni yeye. Kaka yako unamjua, mzaha wake na ukali wake vilikuwa sauti moja."

"Alivuta pumzi kabla ya kusema?" Filimbi akauliza, na papo hapo akajisikia mjinga, kwa maana hilo lilikuwa swali la darasani, la kumuuliza mwanafunzi.

"Wifi yangu," yule mama akasema, "alikuwa hana pumzi ya kuvuta."

Baadaye wifi akasema kwamba kila alipoikaribia sehemu ile, watu waliinuka, naye akawa anashukuru moyoni kwamba wameinuka, maana angewaambia nini. Kisha akabeba nguo, akaenda kuzipanga kabatini, na usiku ule hakuongea tena. Nyumba ilikuwa kimya, na Filimbi hakupata usingizi.

Kesho yake mazoezini aliyabeba yote. Alidhani ndivyo inavyotakiwa, kwamba mtu anakwenda nyumbani kwake, anachukua kinachomuuma, anakileta kazini. Binti alipoanza kuimba habari za mume aliyekufa, Filimbi akalifikiria lile shavu moja, na machozi yakaja yenyewe bila kuitwa. Yakatiririka mpaka kwenye mashuka. Alijua analia vizuri. Kwa mara ya kwanza katika mazoezi yale alidhani anaigiza. Zamu yake ilipofika akafungua mdomo, na koo likawa limefungwa kabisa. Ikatoka kelele kama ya bawaba inayodai mafuta.

Piano ikanyamaza. Binti akageuka kwa hofu. "Mwalimu, uko salama?"

"Niko salama."

Mwongozaji akaja, akachuchumaa mbele yake. "Ijumaa ulikuwa mbao," alisema taratibu. "Leo mafuriko. Sikuulizi umefikiria nini, ni mali yako. Lakini leo pia hukumsikiliza. Ulikuwa unajisikiliza wewe."

Filimbi akafuta uso kwa shuka la jukwaa. Alitaka kumwambia mtu huyu kwamba hakuna kinachomtosheleza, kwamba mkavu hafai na aliyelowa hafai. Badala yake akasema, "Tupumzike kidogo," na wote wakapumzika, kwa sababu ya umri wake.

Mpiga piano akamletea kikombe cha maji moto. Akakaa naye pembeni, chini ya dirisha, magoti yao yote manne yakilalamika walipokuwa wanashuka chini.

"Nimechoka," Filimbi alimwambia. "Si kuchoka kwa leo."

"Najua."

"Nikiacha, nitakuwa nani?"

Mpiga piano akamsogezea kikombe. "Mtu aliyeacha," alisema. "Kama mimi nitakavyokuwa. Kunywa maji."

Waliporudi, Filimbi aliketi kigodani akiwa hana kitu moyoni. Mawazo ya kaka aliyaacha pale chini ya dirisha. Hakuwa na machozi yaliyobaki, wala hamu ya kumfurahisha mtu. Akachukua shuka na kuanza kukunja, na kwa kuwa hakuwa na lingine la kufanya akamsikiliza binti.

Alimfundisha binti yule tangu akiwa hajui kusimama. Aliijua sauti yake kama anavyoujua mlango wa nyumba yake, unakwama wapi, unafunguka wapi. Lakini siku zote aliisikiliza kwa kutafuta kosa. Sasa, mikono yake ikiwa imechoka na akili imechoka, alisikia kitu ambacho hakikuwa kosa. Kabla ya pale wimbo unapopanda juu, binti alikuwa anatazama upande wa kushoto. Anatazama kigodani, kidogo tu, kama mtoto anayechungulia kama mama ameona. Pumzi yake ilikatika pale. Alipanda juu kwa nusu ya pumzi, akafika kwa bahati.

Ananiogopa, Filimbi akawaza. Anaimba msiba wa mumewe, na muda wote anangoja nimsahihishe.

Wimbo ukazunguka, ukarudi pale unapopanda juu. Binti akatazama kushoto. Na Filimbi, bila kupanga, akaliacha shuka likamwangukia magotini, akainamisha kichwa, akaacha kumtazama. Ndivyo mtu anavyofanya mwenzake anapobadilisha nguo chumbani. Akampa nafasi.

Binti akavuta pumzi nzima. Sauti ikapanda juu na kukaa huko, kubwa, bila haraka, na mafundi wa chumba cha pili wakaacha kugonga. Iliposhuka, mistari miwili ya mjakazi ikamtoka Filimbi kabla hajajua kuwa zamu yake imefika. Hakukumbuka kama alivuta pumzi. Ilikuwa sauti yake ya uzee, yenye mchanga ndani, na aliiacha iwe hivyo.

Mwongozaji akaja mpaka kigodani. Kisha akasema, "Fanya hivyo hivyo siku ya maonyesho."

Filimbi akamtazama. Wote wawili walikuwa na akili za kutosha kujua kwamba hilo haliwezekani.

Na kweli halikuwezekana. Opera ilipoanza kuonyeshwa, jioni nyingine kile kitu kilikuja, na jioni nyingine hakikuja, akabaki anakunja mashuka kama mtu anayelipwa kukunja mashuka. Jioni moja alijikuta amerudia kukunja kwa mapigo, na mpiga piano, ambaye sasa alikuwa amekaa ukumbini bila kazi kwa kuwa okestra ilikwisha kuja, alimngojea mlangoni akiwa anacheka. Magazeti yalimsifu binti. Juu ya mjakazi gazeti moja liliandika kwamba alikuwepo. Filimbi alilikata, akalibandika jikoni, kwa sababu lilimchekesha.

Wifi alikuja siku ya kwanza. Alivaa gauni lake la harusi za watu, akakaa mbele. Baadaye akaja chumba cha kuvalia, akamkuta Filimbi anajifuta rangi usoni, miguu ipo ndani ya beseni la maji.

"Yule binti anajua kuimba," wifi alisema.

"Anajua."

"Lakini mimi nilikuwa nakutazama wewe. Hukuimba sana."

"Sikuimba sana."

Wifi akachukua taulo, akaketi kwenye kiti cha pili. "Pale ulipoinamisha kichwa, nilidhani umeumwa. Nikataka kuinuka. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa analia, sikuelewa analilia nini. Halafu nikajikuta na mimi nalia." Akamkabidhi taulo. "Toa miguu, maji yamepoa."

Hawakuongea zaidi juu yake. Hadithi ya lifti nayo haikusimuliwa tena nyumbani, si kwa Filimbi, si kwa jirani. Mwanzoni Filimbi alidhani ameivunja kwa kuitumia kama mazoezi, na wazo hilo lilimkaa moyoni kama mwiba. Siku moja, wakiosha vyombo, akajikaza akauliza.

"Hujaivunja," wifi akasema. "Imekwisha tu. Nilikuwa nimekwama nayo ngazini."

Mke wa mwanawe alipojifungua, wifi akaitwa kwenda kusaidia. Ilisemwa ni kwa muda kidogo, lakini alifunga vitu vyake vyote, hata mapazia ya chumba chake, na Filimbi akaelewa. Alimsaidia kushusha mizigo mpaka kwenye gari la mwanawe. Wifi alikuwa anaongea, kama kawaida yake: mtoto amefanana na nani, mke wa mwanawe hali chakula, jirani asipewe ule ungo maana harudishi vitu. Mwanawe akawasha gari, akasema, "Mama, tunachelewa."

"Ngoja amalize," Filimbi akamwambia.

Wifi akamaliza. Yalikuwa maneno mengi, na jua lilikuwa kali, na Filimbi alisimama pale amelegea, mkono mmoja kwenye mlango wa gari, mpaka hakukubakia neno. Kisha akaufunga mlango, gari likaondoka, naye akapanda kwenda kulala mchana kweupe, maana jioni alikuwa na maonyesho.